Nimeacha ngano, maziwa, mayai na samaki, mbona macho bado yanawaka?

Shangazi, shikamoo.

Anayeandika barua hii ni binti yangu wa kidato cha tatu. Mimi nasema, yeye anaandika, maana ikishafika saa mbili usiku kioo cha simu sikiwezi tena. Nina miaka 46, ni mhasibu, tunaishi Tabata. Huu ni mwaka wa tatu macho yangu hayajapata raha. Nikifika ofisini, hata saa nne haijafika, yanaanza kuwaka kama nimekata vitunguu. Baadaye inakuja hali ya mchanga: kila nikipepesa nahisi kitu kinakwaruza. Na cha ajabu, upepo wa bodaboda ukiyapiga yanachuruzika machozi mpaka kidevuni. Daktari mmoja aliniambia yana ukavu. Macho makavu yanatoaje machozi, Shangazi?

Nimehangaika. Duka la dawa la kwanza walinipa matone ya kuondoa wekundu, nikayatumia karibu mwaka mzima. La pili wakasema hii ni aleji, wakanipa setirizini, nameza kidonge kimoja kila usiku hadi leo. La tatu wakanipa matone ambayo binti yangu amesoma kwenye boksi, yameandikwa deksamethasoni. Hayo ndiyo kiboko: nikiyaweka siku tatu macho yanakuwa meupe kama ya mtoto. Nikiacha, hali inarudi, naenda kununua tena.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mwenzangu wa ofisini alinipeleka kwenye kliniki moja ya lishe. Walinitoa damu, nikalipa fedha ambayo sitaki kuitaja mbele ya mtoto. Majibu yalikuja kwenye karatasi ya rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Vyakula 19 vilikuwa kwenye nyekundu. Ngano, maziwa, mayai, samaki, maharage, karanga, nyanya, ndizi, hata nazi. Wakaniambia mwili wangu unavikataa, na kwamba ndivyo vinavyonikausha macho. Nikaanza masharti tarehe 14 Desemba, siku mbili kabla ya kusafiri kwenda Lushoto kwa mama yangu kwa likizo. Shangazi, nilipona. Wiki tatu nzima naamka macho yametulia, nasoma Biblia usiku kama zamani. Hata tumbo, lililokuwa linajaa gesi na kuunguruma kila nikinywa chai ya maziwa, likatulia, na limetulia mpaka leo.

Tukarudi mjini Januari. Wiki ya pili kazini, macho yakawa yale yale. Kliniki wanasema lazima kuna kitu nakula bila kujua, nirudi wanipime vyakula vingine zaidi ya 100. Nimepungua kilo 9. Nakula wali, viazi mviringo, kuku wa kuchemsha na mchicha usio na tone la mafuta. Pasaka mama mkwe alipika maharage ya nazi kwa ajili yangu, kwa sababu anajua nayapenda. Nilikataa. Hakusema neno, ila niliona alivyoifunika ile sufuria.

Nieleze: chakula kinaweza kweli kukausha macho? Niendelee na masharti, au nirudie kula? Na kuna dada hapa ofisini anauza vidonge vya mafuta ya samaki, omega-3, anasema vinatibu. Ninunue?

Mama wa Watatu, Tabata

Shangazi, ni mimi mwandishi. Mama ameenda jikoni. Hajakwambia kwamba usiku anaamka mara mbili tatu kunywa maji, mdomo unamkauka, na mkate mkavu alikuwa hawezi kuumeza bila chai hata kabla hajaacha ngano. Vidole pia vinakaza asubuhi, mimi ndiye namfungia vifungo vya blauzi. Anasema ni umri.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na wewe mjukuu wangu, ahsante kwa maneno yale ya mwisho. Nitayarudia, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niianze barua upya kutoka mstari wa kwanza.

Nakujibu swali lako kabla sijazunguka. Ndiyo, zipo njia ambazo chakula hufika machoni. Ni chache, ni za kweli, na nitazitaja. Lakini ile karatasi ya rangi tatu haimo katika njia hizo, na kuifuata kumekuchelewesha. Nilifanya uuguzi wa macho kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Nimepokea wanawake waliokuja wamekonda kwa kufuata orodha za miiko, na sababu ya ukavu wao imekaa pale pale, haijaguswa. Inaniuma kila mara, kwa hiyo nivumilie nikiwa na maneno mengi.

Tuanze na machozi yenyewe. Chozi si maji matupu. Juu lina utando mwembamba wa mafuta, katikati maji, chini ute unaoyashikiza maji kwenye jicho. Mafuta yale hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ndani ya kope, na vinywa vyake viko ukingoni, nyuma tu ya pale nywele za kope zinapoota. Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Zikiziba, jicho linakuwa kama sufuria isiyo na kifuniko: maji yanaruka na mvuke. Jicho likishaungua hivyo, ubongo huiamuru tezi kubwa ya machozi imwage maji mengi kwa mkupuo mmoja. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, hayakai, yanateremka mashavuni. Ndiyo machozi yako ya bodaboda. Jicho kavu kweli hutoa machozi, ila si yale ya kulilinda.

Sasa isome barua yako pamoja nami. Masharti uliyaanza tarehe 14, tarehe 16 ukaondoka. Katika siku hizo mbili tatu uliacha vyakula 19, sawa. Lakini pia uliacha kompyuta. Uliacha kiyoyozi, vumbi la barabara na moshi wa magari. Ukalala usiku mrefu kwa mama yako, katika hewa ya ukungu ya Usambara. Mwezi Januari ulirudi mjini na vyakula vyote 19 ukaendelea kuviacha. Kilichorudi ni ofisi, na macho yakawaka. Mtu akizungumza na wenzake hupepesa takriban mara 15 kwa dakika. Akiikodolea macho kompyuta, hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na mara nyingi kope hazifungi mpaka mwisho. Kila usipopepesa, mafuta hayakamuliwi kutoka kwenye tezi. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi chini ya kiyoyozi kinachompuliza usoni anayakausha macho kwa saa nane mfululizo, hata kama mchana amekula nini.

Kuhusu ile karatasi. Kwetu neno aleji tumelibebesha mizigo mingi, na hapo ndipo watu wanapotupata. Aleji hasa ni kinga ya mwili kukishambulia chakula papo hapo: umekula karanga, ndani ya dakika chache au saa mbili midomo inavimba, vipele vinatoka, macho yanavimba na kuwasha. Kule kliniki, swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa lilikuwa hili: yanawasha au yanawaka? Maneno hayo yanakaribiana mdomoni, lakini yanatutuma kwenye milango tofauti. Aleji huwasha, mpaka mtu anatamani kuyafikicha macho kwa ngumi. Wewe hukutaja kuwasha hata mara moja.

Kipimo ulichofanyiwa, kwa jinsi unavyokieleza, kinafanana na kile cha kupima kingamwili, yaani protini za ulinzi wa mwili, za aina ya IgG dhidi ya vyakula. Mwili wa mtu yeyote hutengeneza IgG kwa vyakula anavyokula. Ni alama kwamba umekutana navyo na umevizoea. Tazama nyekundu yako ilivyo: maharage, nazi, ndizi, samaki, nyanya. Hiyo ni orodha ya jiko lako tu! Jumuiya za wataalamu wa aleji za Ulaya, Marekani na Kanada zimeshauri kipimo hiki kisitumike kumwambia mtu chakula gani kinamdhuru. Ukirudi ukapimwa vingine 100, vitatoka vyekundu vingine, na sahani itabaki tupu. Usirudi.

Maziwa ni habari nyingine. Hapo tumbo lako lilisema kweli. Watu wazima wengi, wakishavuka utoto, hupungukiwa kimeng'enya cha kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, na sukari hiyo ikifika kwenye utumbo mpana bakteria huichachusha: gesi, kuunguruma, kuharisha. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya na watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii za wafugaji zina mabadiliko yao wenyewe ya kinasaba yanayowawezesha kuendelea kunywa maziwa ukubwani. Wengine wetu hatukurithi hayo. Kwa hiyo chai ya maziwa ipunguze au iache, na ujaribu mtindi kidogo kidogo, kwa sababu sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na bakteria. Lakini jambo hili huanzia tumboni na kuishia tumboni. Halikaushi macho. Macho yalitulia wiki ile ile tumbo lilipotulia, ukaona ni habari moja.

Ngano nataka uisikilize kwa makini, kwa sababu hapa kuna kosa ambalo ni rahisi kulifanya ukidhani unajisaidia. Upo ugonjwa unaoitwa seliaki. Mwenye nao akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga yake huushambulia utumbo wake mwembamba. Utumbo ukichakaa, mafuta na vitamini hupita bila kunyonywa, vitamini A ikiwemo, na hapo jicho linaweza kuumia kweli kwa sababu ya chakula. Hapa kwetu hugunduliwa mara chache, na sioni dalili nyingi kwamba ndio wako. Hata hivyo ningependa upimwe, kwa sababu nitakayoieleza. Shida ni kwamba kipimo chake cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua na kutoweka mtu akiacha ngano. Wewe umeiacha tangu Desemba. Ukipimwa kesho, jibu linaweza kusoma salama wakati si salama. Mwongozo wa Uingereza humtaka mtu ale gluteni katika milo zaidi ya mmoja kwa siku, kwa wiki 6 angalau, ndipo apimwe. Kwa hiyo zungumza na daktari kwanza, kisha rudisha chapati na mkate. Mnaowaza kuacha ngano, pimeni damu kabla, si baada.

Na sasa maneno ya mjukuu.

Mdomo kukauka usiku. Mkate usioshuka bila chai. Vidole kukaza asubuhi. Macho makavu miaka mitatu. Mwanamke wa miaka 46. Mwanangu, mambo haya yote yakikaa kwa mtu mmoja, muuguzi wa macho hawezi kukuruhusu uondoke bila kumwona daktari wa magonjwa ya ndani. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliandika tasnifu kuhusu wanawake 19 waliokuwa na macho makavu, na wengi wao walikuwa na maumivu ya viungo pia. Ugonjwa huo sasa una jina lake. Ni kinga ya mwili inayozishambulia tezi za machozi na za mate. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na mara nyingi hujitokeza katika umri kama wako. Seliaki huonekana zaidi kwa watu wenye ugonjwa huu kuliko kwa wengine, ndiyo maana nimetaka upimwe yote mawili.

Sisemi unao. Kuna sababu nyingine zinazoweza kutoa picha hiyo hiyo, na moja unaimeza kila usiku. Setirizini, kama dawa nyingi za aleji, hukausha: mdomo, pua na macho. Umepewa kidonge cha aleji usiyokuwa na dalili zake, na kimeongeza ukavu juu ya ukavu. Mwambie daktari unataka kukiacha, akuelekeze. Kisukari nacho humfanya mtu aamke usiku kunywa maji, na hukausha macho pia. Kipimo cha sukari ni cha dakika chache, kifanye wiki hii. Na kukaribia kukoma hedhi hupunguza machozi kwa wanawake wengi. Lakini vidole vinavyokaza asubuhi si vya kuitwa umri ukiwa na miaka 46. Daktari ataomba kipimo cha damu cha kingamwili za ugonjwa huu, na wa macho ataning'iniza karatasi nyembamba kwenye kope la chini kwa dakika 5 kuona machozi yanalowesha milimita ngapi. Haiumi. Kwa Dar es Salaam, kliniki za macho ziko Muhimbili na CCBRT, na hospitali kubwa nyingine.

Kinachonitia hofu zaidi katika masharti yako ni kile ulichokitoa sahanini. Ukiondoa mayai, maziwa, samaki na mafuta yote, umeondoa karibu kila mlango wa vitamini A. Mchicha unayo kwa wingi katika hali ya karotini, lakini karotini huhitaji mafuta ili inyonywe. Mchicha uliochemshwa bila tone la mafuta, karotini yake nyingi inapita tu. Nilipokuwa bado mgeni kazini, aliletwa mtoto aliyekuwa ametoka kuugua surua, ambaye kwao alikuwa analishwa uji mtupu. Weupe wa macho ulikuwa umepoteza mng'ao kama ukuta uliokosa rangi, na pembeni kulikuwa na doa kama povu la sabuni. Jioni alikuwa anagonga milango. Huo ndio ukavu wa macho unaoletwa na chakula bila ubishi wowote, na ndio sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila miezi sita. Kwa mtu mzima ni nadra, kwa kuwa ini huweka akiba ya muda mrefu, ila akiba huisha. Nikuulize: giza likiingia, unaona njia kama zamani? Kama unajikwaa, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Rudisha chakula. Mayai, dagaa, samaki, maharage, matembele yenye mafuta, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, boga, embe, mawese ya Kigoma ukiyapata yakiwa mekundu vile vile. Maini mara moja moja. Vidonge vya vitamini A vya dozi kubwa usinunue: ikizidi mwilini ni sumu, na mjamzito humdhuru aliye tumboni. Namna ya kurudisha ni hii. Aina moja kila baada ya siku tatu, uiandike kwenye daftari, na pembeni uandike pia saa ulizokaa kwenye kompyuta, kama kiyoyozi kilikuwa kinakupuliza, ulilala saa ngapi, matone gani uliweka. Bila safu hizo za pembeni, daftari litakudanganya kama Lushoto ilivyokudanganya. Kama yupo chakula mmoja anayekusumbua kweli, atajitokeza mara tatu mfululizo ukimla, na utamjua bila kununua karatasi. Kahawa kunywa yako, tafiti zinagongana. Pombe huongeza ukavu. Pilipili na vinywaji vya moto sana huwasumbua wenye ugonjwa wa ngozi wa rosasia, ambao huziba tezi za kope na kwa ngozi zetu nyeusi husahaulika, kwa hiyo kama uso wako huwaka na kutoa vipele mashavuni, litaje na hilo.

Vidonge vya omega-3. Nilivipenda mimi pia, na nilikuwa na sababu. Mwaka 2005 utafiti wa wanawake zaidi ya 32,000 wa Marekani ulionyesha kwamba kati ya waliokula samaki aina ya jodari mara nyingi, wenye macho makavu walikuwa wachache kuliko kwa wengine. Ilipendeza. Lakini anayekula samaki sana huenda ana mengine mazuri maishani mwake, kwa hiyo ilibidi kupima kwa haki. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti uitwao DREAM: wagonjwa 535 wa macho makavu, wengine wakapewa miligramu 3,000 za mafuta ya samaki kila siku kwa mwaka, wengine vidonge vya mafuta ya zeituni bila kujua ni vipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ya samaki haikuizidi ile ya zeituni kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa watu zaidi ya 23,000, waliofuatwa kwa zaidi ya miaka 5, ulionyesha kwamba gramu 1 ya omega-3 kwa siku haikuwazuia watu kupata ukavu. Huyo dada wa ofisini simlaumu, huenda anaamini anachokiuza. Fedha hiyo nunulia dagaa na mayai.

Katika utafiti ule wa DREAM kuna jambo ambalo nimelibeba moyoni: waliomeza mafuta ya zeituni nao walisikia nafuu, nafuu ya kweli waliyoijaza kwenye fomu. Ukavu wa macho hupanda na kushuka wenyewe. Tunaanza dawa siku tulipozidiwa, hali inashuka kama ambavyo ingeshuka, tunaipa dawa sifa. Kwa hiyo usijione mjinga kwa kuiamini karatasi. Wiki tatu za kupona zingemshawishi mtu yeyote.

Matone. Ya deksamethasoni yanatuliza kwa sababu ni steroidi, inazima moto kwa muda. Yakitumiwa bila daktari kupima, hupandisha presha ya macho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho. Nimewaongoza kwa mkono watu walioingia kliniki kwa sababu ya ukavu tu na kutoka wameambiwa mshipa wa kuonea umekufa nusu. Nakusihi: usinunue chupa nyingine, na siku ya kliniki omba upimwe presha ya macho yote mawili. Yale ya kuondoa wekundu hubana mishipa, yakiisha nguvu wekundu unarudi mkubwa zaidi. Badala yake omba machozi ya bandia. Kama utayaweka zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa kuwa dawa hiyo yenyewe huchubua jicho.

Nyumbani, asubuhi na jioni, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kamua, weka juu ya macho yaliyofungwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kikipoa. Moto huyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye zile tezi. Kisha kwa kidole safi sukuma taratibu kope la juu kuelekea chini na la chini kuelekea juu, futa ukingo. Fanya hivi mwezi mzima bila kuruka ndipo uhukumu. Ofisini geuza kiti au kiyoyozi kisikupige usoni, shusha kompyuta iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa ya jicho, na kila dakika 20 fumba macho kabisa mara kumi, taratibu. Kwenye bodaboda vaa miwani.

Ukiona maumivu makali, mwanga kuumiza ghafla, kuona kushuka, au doa jeupe kwenye jicho, hayo hayangoji miadi. Nenda siku hiyo.

Siku ya kliniki, kusanya chupa zote na vidonge vyote, hata vilivyokwisha, weka kwenye mfuko mmoja, na ile karatasi ya rangi tatu ichukue pia ili daktari aone umekuwa ukila nini. Na kama shule zimefungwa, nenda na binti yako. Ukikaa mbele ya daktari utasema macho, utasahau mdomo na vidole. Yeye hatasahau.

Maharage ya nazi nayo yalikuwa halali yako tangu Pasaka. Mwombe mama mkwe ayapike tena.